Ngozi ya Mamba na Kalamu ya Karani

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Bariadi)



Tumeombwa na Kamati tuseme maneno machache juu ya jambo lolote litakalowafaa wanachama, nasi tumechagua habari za ngozi ya mamba. Twajua ya kuwa baadhi yenu mmetazamana, mkijiuliza karani ana shauri gani na mamba, hasa karani wa Bariadi, mahali ambapo mto wakati wa kiangazi hugeuka mchanga, na watu huchimba visima ndani yake ili kunywesha ng'ombe. Twaomba mtuvumilie. Hoja yetu ni moja tu. Mnyama huyu alikaribia kumalizwa katika nchi nyingi wakati ngozi yake ilipouzwa pasipo daftari, naye akarudi wakati ngozi yake ilipoanza kuandikwa. Na watu wanaoumizwa naye husaidiwa, ama huachwa, kwa kadiri ya kalamu ya mtu kama sisi. Kwa sababu hii twasema habari za mamba ni habari zetu.

Kwanza na tujue mahali petu. Mto Simiyu, ambao mkoa wetu ulichukua jina lake mwaka 2012, hupokea maji ya mto Duma, kisha huenda ukamwagika katika Ghuba ya Speke ya ziwa Victoria. Kaskazini yake iko mito mingine miwili, Mbalageti na Grumeti, itokayo Serengeti na kuelekea ziwa lile lile. Grumeti ni mashuhuri duniani kwa mamba wake wakubwa, wawangojao nyumbu wakati wa kuvuka. Basi mtu wa Busega akaaye kando ya ziwa hana haja ya kufundishwa na sisi mamba ni nini.

Mamba wa kwetu ndiye mamba wa mto Nile, na habari za ngozi yake ni za kale sana. Wamisri wa zamani walikuwa na mungu waliyemwita Sobek, mwenye kichwa cha mamba, na kwa ajili yake waliwakausha mamba waliokufa na kuwazika kwa sanda. Mjini London, katika jumba la makumbusho liitwalo British Museum, imewekwa deraya ya vita iliyotengenezwa kwa ngozi ya mamba, pamoja na kofia yake. Ilitoka Manfalut katika nchi ya Misri, nayo ni ya karne ya tatu au ya nne, zamani za utawala wa Warumi. Aliyeivaa alitaka kinga ya mnyama iwe kinga yake.

Kwetu Usukumani ngozi ya kazi ilikuwa ya ng'ombe na ya mbuzi. Kwa hiyo watu walipata vazi kabla ya nguo za dukani kuenea, na kitanda, na viatu, na kamba, na ngoma za kuwambwa. Mamba hakuwa wa kazi hizi, mamba aliogopwa. Katika nchi nyingi, toka huku kwetu hata mto Zambezi, watu waliamini ya kuwa nyongo ya mamba ni sumu kali. Kwa hiyo mamba akiuawa, nyongo yake iliteketezwa hadharani, asije mtu akaificha na kuitia katika pombe ya mwenziwe. Sisi hatuingii katika ubishi kama nyongo ile ni sumu kweli ama sivyo. Twataka mwone neno moja: wazee wale, wengi wao wasiojua kusoma, walikuwa na kanuni kwamba mamba asiuawe pasipo mashahidi. Hilo ndilo lililokuwa daftari lao.

Sasa na tuvuke bahari twende Marekani, maana biashara kubwa ya ngozi za namna hii ilianzia huko. Katika mabwawa ya kusini mwa nchi ile, kama Florida na Louisiana, yuko mnyama wa jamaa ya mamba aitwaye aligeta. Pua yake ni pana kuliko ya mamba wetu, na akifumba kinywa meno ya chini hayaonekani. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, mwaka 1861 mpaka 1865, majimbo ya kusini yalipungukiwa ngozi, na ngozi ya aligeta ikatumiwa kwa viatu vya askari na matandiko ya farasi. Vita vilipokwisha, wenye fedha wakaipenda ngozi ile kwa uzuri wake, wakataka mikoba, mikanda, viatu na masanduku ya safari. Wawindaji wakaingia mabwawani usiku kwa taa, maana jicho la aligeta, kama la mamba, likipigwa na mwanga hung'aa jekundu kama kaa la moto, na mnyama hubaki ametulia. Yasemekana katika makisio ya watu wa wakati ule ya kuwa katika Florida peke yake waliuawa aligeta wasiopungua 2,500,000 toka mwaka 1880 hata 1894. Hakuna aliyetoa idhini kwa hesabu, wala aliyeandika wangapi wamebaki.

Mali isiyohesabiwa haina mwenyewe. Aligeta wakapungua mwaka hata mwaka, na wenye viwanda vya kutengeneza ngozi katika Ulaya na Marekani wakatafuta ngozi nyingine. Ndipo macho yao yalipogeukia Afrika. Biashara hii ilikuwako hapa kidogo tangu awali, walakini nguvu yake hasa ilikuja baada ya vita vya mwaka 1939 mpaka 1945. Katika miaka ya 1940, ya 1950 na ya 1960 wawindaji wa ngozi walizunguka maziwa na mito ya Afrika Mashariki kwa mitumbwi, bunduki, taa na magunia ya chumvi.

Tuseme kidogo namna ya kazi yenyewe, kwa faida ya wale ambao hawajaiona. Mgongo wa mamba una mifupa midogo iliyojipanga chini ya magamba, nayo haipindiki wala haishoneki vizuri. Kinachotafutwa zaidi ni tumbo, ambalo magamba yake ni laini na yamepangika kama vigae. Mamba wetu wa Nile ana sifa katika jambo hili, kwa kuwa tumbo lake halina mifupa kama ya jamaa zake wengine. Kwa hiyo mchunaji hapasui katikati ya tumbo kama achunavyo ng'ombe. Hukata ubavuni, karibu na mgongo, ili tumbo lipate kutoka zima. Kisha hukwangua nyama na mafuta yote, hupaka chumvi nyingi, hukunja ngozi na kuiweka kivulini mahali pa baridi. Ngozi hiyo haianikwi juani, maana jua huiharibu. Bei yake hufuata upana wa tumbo kwa sentimita, na tundu moja la kisu laweza kuishusha daraja.

Ndugu zetu wa idara ya mifugo wanacheka kimoyomoyo, kwa sababu haya ndiyo maneno wawaambiayo wachinjaji wetu kila siku juu ya ngozi ya ng'ombe: usiitoboe, usiianike chini penye mchanga na jua kali, iwambe katika fremu, kivulini, upepo upite huku na huku. Ngozi ngapi zimetoka katika wilaya hizi, zikapelekwa Malampaka kupakiwa katika gari moshi, na zikaandikwa daraja la mwisho kwa sababu ya kisu cha haraka? Ng'ombe aliyelishwa miaka mitano huharibiwa kwa dakika tano. Hilo tulikumbuke, tutalirudia.

Basi turudi kwa mamba. Wakati ule hakuwa na mtetezi. Serikali za kikoloni zilimhesabu kuwa mnyama mharibifu, kwa kuwa hula watu, hula mifugo, na hupasua nyavu za wavuvi. Katika Uganda, zamani za Kapteni Charles Pitman aliyekuwa mkuu wa idara ya wanyama toka mwaka 1925 mpaka 1951, mamba walipigwa risasi na mayai yao yakafukuliwa na kuharibiwa. Hatuwezi kuwalaumu wote waliofurahi. Mama ambaye mtoto wake ameliwa hawezi kuambiwa amhurumie mamba. Lakini angalieni jinsi mambo mawili yalivyokutana: mnyama ambaye sheria haimtaki, na ngozi ambayo soko laitaka. Yakikutana hayo, mnyama hana maisha marefu.

Tena mamba si kama panya azaaye kila mwezi. Mamba jike huchukua miaka kumi au zaidi kabla ya kutaga mara ya kwanza. Hutaga mara moja kwa mwaka, mayai yapatayo hamsini, huyafukia katika mchanga wa ukingoni, na huyalinda karibu miezi mitatu pasipo kwenda mbali. Akiondoka kidogo tu, kenge huja akayafukua na kuyala. Watoto wakianguliwa, ndege na samaki na mamba wakubwa huwala, na wachache mno hufikia utu uzima. Sasa mwindaji wa ngozi alimtaka yule mkubwa mwenye tumbo pana, ndiye mzazi. Alipomwua mmoja aliua na kiota chake. Mtaalamu mmoja wa Kiingereza, Hugh Cott, alikuja kuwachunguza mamba wa Uganda katika miaka ya 1950, akaandika taarifa ndefu iliyochapishwa mwaka 1961. Alionya ya kuwa mamba walikuwa wakitoweka upesi katika mahali pengi walipokuwa wamejaa, na katika ziwa Victoria walikuwa wamepungua sana.

Hapa ndipo daftari lilipoingia. Huko Marekani, jimbo la Louisiana lilifunga uwindaji wa aligeta mwaka 1962, na mwaka 1967 serikali kuu ikamtia katika orodha ya wanyama walio hatarini. Walakini kukataza peke yake hakukutosha, maana mwenye bwawa ambaye hapati kitu kwa aligeta ataona afadhali alikaushe bwawa alime. Basi mwaka 1972 Louisiana ikafungua uwindaji tena kwa namna nyingine. Kila mwenye ardhi alipewa vipande vyenye namba, kwa hesabu ya aligeta wawezao kutoka katika ardhi yake pasipo kupungua, na kila ngozi ilipaswa kufungwa kipande. Pasipo kipande hapana kuuza. Baadaye ikaruhusiwa kuokota mayai kwa kibali, na mwenye ardhi hulipwa kwa mayai yale. Aligeta huleewa katika mashamba, na sehemu ya watoto wao hurudishwa bwawani. Mwaka 1987 serikali ya Marekani ilitangaza ya kuwa aligeta amepona. Katika Louisiana, ambako walikuwa wamebaki chini ya 100,000, idara yao yakadiria kwamba leo wapo zaidi ya 2,000,000.

Mataifa nayo yalifanya shauri. Mkataba wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, uitwao CITES, ulitiwa sahihi mjini Washington tarehe 3 Machi 1973, ukaanza kutumika tarehe 1 Julai 1975, na mamba wa Nile akawekwa katika orodha ya kwanza, yaani ile inayokataza biashara ya wanyama wa porini. Tanzania ilijiunga mwaka 1979. Mwaka 1985, katika mkutano wa Buenos Aires, mamba wa Tanzania pamoja na wa nchi nyingine kadha za Afrika waliteremshwa katika orodha ya pili, ambayo huruhusu biashara kwa kiwango kilichowekwa. Kiwango cha Tanzania kilichoandikwa katika mkataba ni mamba wa porini wasiozidi 1,600 kwa mwaka, pamoja na nyara za wawindaji wa starehe. Mamba wa mashambani huhesabiwa mbali.

Twaomba makarani wasikilize jambo hili kwa makini zaidi. Tangu mwaka 1992 mataifa yamekubaliana ya kuwa kila ngozi ya mamba iendayo nchi nyingine ifungwe kipande ambacho kikiisha kufungwa hakifunguki ila kwa kukatwa. Juu yake huandikwa herufi za nchi ilikotoka, nazo kwetu ni TZ, kisha herufi za aina ya mnyama, na mamba wa Nile ni NIL, kisha mwaka, kisha namba yake peke yake ambayo haina ngozi nyingine duniani. Namba hiyo sharti ilingane na namba iliyo katika kibali. Zisipolingana, ngozi hushikwa, hata ingekuwa nzuri namna gani. Wazee wetu waliokwenda katika mashamba ya mkonge ya Tanga waliitwa manamba, kwa sababu kila mtu alikuwa na namba yake. Sasa mamba naye amekuwa manamba. Tofauti ni kwamba namba yake imemlinda.

Kwa nini kipande kikahitajika? Wahenga walisema, katika msafara wa mamba na kenge wamo. Mfanya biashara asiye mwaminifu huchanganya ngozi iliyokatazwa na ile iliyoruhusiwa, na mtu asiyejua hawezi kuzitofautisha. Fundi atawaambia ya kuwa gamba la mamba lina kitundu kidogo mno, kama lililochomwa na sindano, na aligeta hana kitundu hicho tumboni. Lakini si kila forodha ina fundi. Kila forodha ina karani. Kwa hiyo ulimwengu haukuutegemea ufundi wa macho. Uliutegemea uaminifu wa mtu mwenye daftari aketiye kitini, ambaye pengine hajapata kumgusa mamba maisha yake yote.

Bwana Mwenyekiti, mpaka hapa mtu aweza kudhani tumekuja kuwasifu makarani tu. La, hasha. Ipo sehemu ya pili, nayo ni chungu.

Tarehe 31 Mei 2017, mjini Hong Kong, katika mnada wa Christie's, uliuzwa mkoba mmoja wa kike uliotengenezwa na Hermès, wa aina iitwayo Birkin. Ngozi yake ilikuwa ya mamba wa Nile, iliyopakwa rangi nyeupe na kijivu kama theluji ya mlimani, na vifungo vyake vilikuwa vya dhahabu nyeupe na almasi, mawe ambayo jirani zetu wa Mwadui wayajua. Bei yake ilikuwa dola za Hong Kong 2,940,000, yaani karibu dola za Marekani 380,000. Hatusemi ya kuwa mamba yule alitoka huku. Twasema ni wa ukoo ule ule wa anayelala katika mchanga wa Ghuba ya Speke.

Katika nchi yetu, kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta machozi kwa mtu aliyedhuriwa na mnyama wa hatari. Kwa aliyeuawa, jamaa zake walipewa shilingi 1,000,000. Mwaka ule wa mnada, shilingi hizo hazikufika dola 500. Basi fedha za mkoba mmoja zingefuta machozi ya nyumba zaidi ya mia saba. Hatusemi haya ili kuichongea Serikali, maana kanuni yenyewe haikuita fedha hizo fidia. Iliziita kifuta machozi, na hakuna mtu anayejua thamani ya mtu kwa shilingi. Twasema haya ili tuone jinsi ngozi ya mamba inavyofuatwa kwa namba toka mtoni hata dirisha la duka la Paris, na jinsi mtu aliyeliwa na mamba awezavyo kupotea kati ya meza mbili za ofisi moja.

Na hapa hatuna budi kuungama. Zamani kidogo tulikuwa tukitumika katika ofisi moja iliyo kando ya ziwa, ambayo hatutaitaja. Asubuhi moja akaja mzee kwa baiskeli, akatuamkia kwa adabu, "Mwangaluka," nasi tukaitikia. Akatoa karatasi ndani ya mfuko wa plastiki. Mke wa mwanawe alikuwa amekwenda kuteka maji jioni, mamba akamchukua; kilichopatikana ni ndoo na khanga. Aliacha watoto watatu. Tukazisoma karatasi, tukaona tarehe ya tukio haikujazwa. Tukamwambia, "Mzee, rudi kwa mtendaji wa kijiji, akujazie tarehe." Akaondoka.

Baada ya majuma kadha akarudi. Tarehe ilikuwako, lakini mhuri ulikuwa umepigwa katika ukurasa usio wake. Tukamrudisha. Mara ya tatu alipokuja, kila kitu kilikuwa sawa, isipokuwa tarehe iliyojazwa haikulingana na ile iliyo katika taarifa ya askari wa wanyama pori. Tukampa karatasi zake mkononi mara nyingine tena. Mzee hakupandisha sauti. Alituangalia, akasema: "Mwanangu, mamba alimchukua mara moja. Ninyi mmekwisha mchukua mara tatu."

Siku ile hatukula chakula cha mchana. Tulijua ya kuwa hatukuvunja kanuni hata moja, na pia tulijua ya kuwa tumefanya ubaya. Kesho yake tuliomba ruhusa, tukaenda kijijini wenyewe, tukakaa chini ya mti na mtendaji na mzee na jirani wawili. Tuliwauliza, siku ile ilikuwa siku gani? Mmoja akasema, "Ilikuwa siku ya pili baada ya mnada, maana nilikuwa nimeuza fahali wangu." Mnada wa pale una siku yake katika mwezi, na mnunuzi alikuwa amempa cheti. Kwa cheti kile tukaipata tarehe, ikalingana na ya askari. Kazi yote ilikuwa ya saa mbili. Saa hizo mbili tungeweza kuzitoa siku ya kwanza.

Fedha zilipofika, miezi mingi ilikuwa imepita, na wale watoto watatu walikuwa wamekwisha gawanywa kwa jamaa, kila mmoja mahali pake, kwa sababu nyumba ilikosa wa kuwalea. Mzee alitia kidole gumba, akahesabu, akatushukuru. Shukrani ile ni nzito kwetu mpaka leo.

Ndugu zetu, tumesema ya kuwa ng'ombe wa miaka mitano huharibiwa kwa kisu cha dakika tano. Kalamu nayo ni kisu. Karani akiandika kwa haraka, au akirudisha karatasi kwa uvivu wa kuuliza neno moja, hutoboa kitu ambacho mwingine amekilinda kwa taabu, na tundu hilo halizibiki. Katika biashara ya mamba, karani mwovu aliyegonga mhuri juu ya ngozi asizozihesabu alisaidia kumaliza mnyama. Katika mambo ya kifuta machozi, karani mwema asiyeinuka kitini huwamaliza watu. Wa kwanza alitia sahihi pasipo kutazama. Wa pili alitazama karatasi akasahau kumtazama mtu.

Basi twatoa mashauri manne, na kila mmoja ayapime.

La kwanza, asitie mtu sahihi juu ya hesabu asiyoiona, iwe ya ngozi, iwe ya pamba, iwe ya siku za kazi. Ukiambiwa "andika tu," jibu kwa heshima ya kuwa utaandika ukiisha kuona.

La pili, hati yenye upungufu isirudishwe kwa mwananchi kabla hatujajiuliza kama upungufu huo twaweza kuuondoa sisi wenyewe. Siku hizi simu iko mfukoni mwa kila mtendaji wa kijiji. Neno moja la simu laweza kuokoa safari ya baiskeli ya siku nzima.

La tatu, tukiandika habari ya mtu aliyedhuriwa, tuandike papo hapo siku, mahali, saa na mashahidi, hata kabla ya hati rasmi kufika. Wazee wetu hawakuchoma nyongo ya mamba pasipo mashahidi. Sisi tuliosoma tusiwe nyuma yao.

La nne, vibali vya uwindaji vikitolewa katika eneo la kijiji, visomwe katika mkutano wa kijiji, watu wajue ni mamba wangapi, ni nani mwenye kibali, na kijiji kitapata nini. Mwenye bwawa wa Louisiana humlinda aligeta kwa kuwa anayo namba mkononi na malipo mwisho wa msimu. Mtu wetu wa kando ya ziwa, ambaye hupata hatari peke yake na hajui kibali kina namba gani, atamlinda mamba kwa sababu gani?

Mwisho, twaleta ombi mbele ya chama. Kila tawi lifungue daftari moja dogo la madai ya kifuta machozi yaliyopita mikononi mwa wanachama wake na ambayo bado hayajajibiwa. Liandikwe jina la kijiji, tarehe dai lilipopokelewa, na meza lilipo sasa. Majina ya wenye msiba yasisomwe hadharani. Visomwe vijiji na tarehe tu, katika kila mkutano, baada ya kumbukumbu na kabla ya mengineyo. Halihitaji fedha ila bei ya daftari na kalamu. Ikiwa wanachama watakubali, sisi tuko tayari kununua la tawi la Bariadi, na dai la kwanza tutaliandika wenyewe.